Miwani Yako na Glasi za Chai

Masanja, mtani wangu,

Natangaza kwa masikitiko makubwa kifo cha miwani nyeusi ya Masanja, mchunga ng'ombe wa zamani wa Mtowisa, baadaye muuza chai wa Sumbawanga mjini. Kifo kimetokea ghafla juu ya benchi langu la kazi, kwa bisibisi. Habari ziwafikie ndugu na jamaa wote wa bondeni, wa Mpui na wa Chala, pamoja na ng'ombe wote watakaoguswa na msiba huu.

Umecheka? Basi cheka haraka, maana huko mbele hakuchekeshi.

Siku tuliyokuzika nilifanya kazi yangu ya utani kama inavyotakiwa. Mimi Mfipa, wewe Msukuma, nani mwingine angekusumbua njiani? Niliingia kaburini kabla yako, nikajilaza, nikasema shimo hili linanitosha mimi, huyu mrudisheni Mtowisa kwenye joto lake, baridi ya huku itamuua. Wazee wakapiga kelele, "Toka humo, mchawi wewe!" Nikatoka. Halafu nikaikwapua miwani yako mkononi kwa kaka yako, nikaivaa, nikatembea ule mwendo wako wa kukagua shamba la mtu mwingine. Mkeo akacheka katikati ya kilio. Nadhani hilo ndilo jambo la mwisho la maana nililokufanyia.

Desturi unaijua. Mtani akichukua kitu cha marehemu, wafiwa wanakikomboa kwa kitu kidogo, yeye analalamika kwamba hakitoshi, watu wanacheka, anakirudisha. Kaka yako akaniletea jogoo. Nikasema jogoo huyu amekonda, inaonekana naye amefiwa. Nikamla. Miwani sikurudisha. Nikasema nitairudisha siku ya kumaliza msiba, mbele za watu, utani unoge zaidi.

Nikaendelea kuivaa.

Ulikuwa unaisifu kwamba ukisimama nayo kando ya ziwa unamwona kambale chini ya maji. Nikawa nakwambia, "Unamwona kwa njaa, si kwa miwani." Nisamehe, ulikuwa unasema kweli. Niliangalia ndoo ya maji iliyoko juani, mng'aro wote ukaondoka, nikaiona kutu chini. Niliinamisha kichwa kwenye kikokotoo cha jirani yangu wa mitumba, tarakimu zote zikapotea, akadhani nimekiharibu. Halafu stendi, kwenye kioo cha nyuma cha gari moja dogo, nikaona madoa yamejipanga kama ngozi ya chui. Nikivua miwani, hakuna doa. Nikivaa, chui huyo. Nilizunguka lile gari mpaka dereva akaniuliza kama nataka kulinunua au kuliroga.

Ningeishia hapo, na leo nisingekuwa na barua ya kukuandikia.

Ila kuna ile asubuhi ya baridi, upepo ule unaokata masikio. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la kibanda chenu. Mkeo akammiminia chai utingo wa lori, chai inayochemka, kwenye glasi iliyolala nje usiku kucha. Glasi ikapasuka mkononi mwake, chai yote ikamwagikia pajani. Alipiga ukelele ambao sijausahau. Wateja wengine wakaweka glasi zao chini polepole, kama watu wanaoweka mayai. Mkeo alimpa utingo maji ya baridi, akachukua ufagio, akafagia vipande.

Glasi ile niliikata mimi. Zote za kibanda chenu nimezikata mimi, kutoka chupa za bia, kwa uzi na mafuta ya taa, tangu zile enzi za foleni ambapo glasi ya dukani ilikuwa hadithi. Na mimi nilikuwa nimekaa pale pale, miguu mbele, nimevaa miwani ya mume wake. Aliniangalia mara moja tu. Afadhali angenitukana.

Unakumbuka ulivyokuwa unalalamika? "Mfipa, glasi zako zinanyoa ndevu." Ndiyo maana nikaanza kuzipeleka kwa fundi wa kuchomelea, anapitisha moto wa gesi kwenye mdomo wa glasi mpaka unayeyuka kidogo na kulainika. Ukafurahi, ukasema sasa zinafaa hata kwa askofu. Basi nilipomweleza mwalimu mmoja wa fizikia wa sekondari habari za chui wangu wa stendi na za glasi iliyopasuka, akaniambia ni ndugu hao. Kioo kikichomwa sehemu moja kikapoa haraka, kinabaki na mkazo ndani, kinajibana chenyewe kwa chenyewe. Kwa macho huoni. Kwenye glasi laini kabisa ndiko unakojificha. Akasema ukipata vioo viwili vya aina ya ile miwani, ukavipishanisha, mkazo unauona. Huko kwa wenzetu kuna chombo cha kazi hiyo. Hapa, akasema, labda ukimpata mtu mwenye miwani mbili za namna hiyo.

Mimi nikawaza: miwani moja ina macho mawili.

Sikumwomba mkeo. Hapo ndipo penye kidonda, mtani, mengine yote ni maelezo. Nyumba yake na benchi langu ni mwendo wa kumaliza sigara moja. Nilichukua bisibisi.

Nimetumia boksi la sabuni. Jicho lako la kushoto liko nyuma, nyuma yake karatasi nyeupe, na nyuma ya karatasi tochi. Jicho lako la kulia liko mbele, kwenye tundu la kuchungulia. Unalizungusha taratibu mpaka mwanga wote unazimika, hapo unaligundisha. Ukichungulia ni giza tupu. Ukiweka chupa nzima katikati, bado ni giza, au karibu na giza, maana kiwandani waliipoza kwa adabu. Nikaweka glasi yangu. Mdomo wote ukawaka! Mweupe, halafu pete ya njano, halafu ya buluu, kama mafuta ya taa yaliyomwagika kwenye dimbwi. Ilikuwa nzuri, nasema ukweli. Nikaweka nyingine, ikawaka. Nyingine, ikawaka. Nilikaa pale kama mtu anayeangalia sinema ya ujinga wake mwenyewe.

Na mji wetu unaujua. Kitu chochote cha kuchungulia kwenye tundu na kuona kilichojificha, hapa hawakiiti kipimo. Mama mmoja alikuja na picha ya mumewe aliyeko Chala, nichungulie kama ameoa huko. Nikamwambia boksi hili linaona mkazo wa kioo tu, mama. Akaondoka akisema, "Basi na wewe unamficha."

Ikafika siku ya kumaliza msiba. Watu wamejaa, pombe ya ulezi imeiva, kaka yako akasimama: "Mtani, jogoo tulikupa, ukala mpaka shingo. Miwani iko wapi?" Nilitoa fremu, macho hakuna. Nikasema mbele ya wote, nimeing'oa, nimeitengenezea boksi la kupimia glasi, nisameheni.

Wakaangua kicheko! Kaka yako alijipiga mapaja. Mzee mmoja akasema hajawahi kuona mtani fundi namna hii. Nikarudia: kweli nimeing'oa. Wakacheka zaidi. Nikaapa. Wakataka kunitunza. Masanja, unajua ilivyo kusema ukweli kwa mara ya kwanza katika utani wa maisha yote, na watu wakakupigia makofi?

Mkeo peke yake hakucheka. Aliipokea fremu, akapitisha kidole mle yalimokuwa macho, kidole kikatokea upande wa pili. Alikuwa ameshapigilia msumari ukutani, kando ya ile picha yako, tayari kwa kuitundika. Akasema taratibu, ili wengine wasisikie, "Shemeji, ungeniomba tu. Ningekupa."

Angekataa, ningekuwa na la kujitetea. Lakini angenipa.

Tangu siku hiyo sipiti mbele ya kibanda chenu. Nazungukia nyuma ya soko kama mwizi wa kuku. Kazi ninayofanya ni moja: nimechimba tanuru dogo uani, nalijaza mkaa, nazipanga glasi ndani ya chungu, nafunika kwa majivu, naziacha zipoe zenyewe, sizigusi mpaka kesho yake. Za kwanza ziliwaka bado. Nilizivunja, na nilizivunja kwa hasira. Nikaongeza majivu, nikazuia upepo kwa mabati. Juzi nilichungulia glasi iliyotoka humo. Giza. Mdomo wote giza, laini vile vile, na hauna hila. Nilipiga kelele uani peke yangu. Hata nikakuita jina, halafu nikaona aibu nyingine.

Sasa ninazo za kutosha kibanda kizima. Nimezifunga kwenye magazeti, moja moja. Nitazipeleka mwenyewe, mchana, kwa kupitia mbele. Sitafanya utani. Nitasema, shemeji, hizi hazitamuunguza mtu, na nitakaa pale mpaka zimiminiwe chai inayochemka, na ya kwanza nitaishika mimi. Boksi nalo, kama atalitaka, ni lake. Akitaka macho yako yarudi kwenye fremu, nitayarudisha, ingawa la kulia nililichana kidogo pembeni.

Nakuahidi, mtani: glasi yoyote niliyoikata mimi haitaguswa na mdomo wa mtu kabla hujaitazama wewe kwa macho yako mawili. Pumzika. Udongo wa huku ni wa baridi, lakini ulikuzoea hata kabla ya kukufunika.

Nilipokuwa nafunga barua hii nimemtuma jirani wa mitumba akatazame kama mkeo yuko kibandani. Amerudi. Yuko, na wateja wamejaa. Tangu mwisho wa mwezi uliopita anauzia chai kwenye vikombe vya plastiki.