Violon ya Baba Katika Shamba la Mpunga

Yaya Kahongya,

Simu inakaa na mama, ndiyo maana ninaandika. Hapa Kasindi tunashusha saruji tu, mugongo unaniua.

Ile muziki ya filamu ya parokia ambayo haikuonyeshwa popote, orkestra yote na baba kwenye violon, ile fidla yake, nimeifuata mpaka Beni kwa mujane wa fundi aliyeirekodi. Akacheka: «Lakini ndugu yangu, ile kaseti nilivuta uzi wake wote, ule utepe mweusi wa sauti, nikautandaza shambani kufukuza ndege wa mpunga!» Kisha akanionya: shamba lile wamelikimbia tangu watu wachinjwe kule.

Mama anaomba kumusikia marehemu baba mara moja kabla ya kufa. Kesho ninaenda kule shambani kuukusanya uzi ule, hata kipande kimoja. Nisiporudi, umuambie ningali ninatafuta.

Mudogo wako,
Delphin