Tairi za Gari la Rhéal

Val-Comeau,
11 Mei

Kwa kaka yangu Rhéal,

Pokea salamu za nyumba nzima, hata za paka, ambaye bado analala kwenye kiti chako. Natumaini barua hii itakukuta mzima, mgongo umepoa, na huko kwenye kambi ya kazi wanakupa usingizi wa kutosha. Sisi tu wazima, ila tumechoka. Mama amerudi kiwandani tangu msimu wa kaa ufunguliwe, na vidole vyake vimevimba kiasi kwamba jioni namfungulia mimi kifuniko cha dawa. Baba amekabidhi gari la kusukuma theluji juzi tu. Anasema baridi ya mwaka huu ilikuwa kama mgeni asiyejua kuaga: anasimama mlangoni, anavaa kofia, halafu anakaa tena. Mimi nasoma, nalala, naamka, nasoma. Mwalimu wa Kiingereza ananiuliza kwa nini sisemi darasani, na mimi namjibu kwa kichwa.

Ningeweza kukupigia simu, lakini unanijua. Nikishika simu ulimi unakuwa ubao. Na jambo lenyewe si fupi. Nivumilie nilizunguke kwanza, nitalifikia.

Ni gari lako, ile Datsun. Baba aliifunua turubai mwezi wa Machi, theluji ikiwa bado imefika dirisha la gereji, akaizunguka akiwa na kikombe cha kahawa mkononi kama mtu anayekagua ng'ombe wa mnada. Injini tayari. Breki tayari. Kutu ya chini ameikwangua yote na kuiziba. Zilibaki tairi tu. Zile za zamani kashata zake, yale meno ya kukanyagia, ni nzima, ungesema zimenunuliwa jana, lakini ubavu umepasuka kama kisigino cha mzee, maana tairi huzeeka hata zikiwa zimesimama. Jioni ile, mbele ya bakuli za fricot, ile supu ya kuku ya Mama, Baba akatangaza kwamba tairi mpya zikishafungwa, na mvua ikishaosha barabarani chumvi yote ya kuyeyushia barafu, ile inayokula magari kwa kutu, atakupigia simu yeye mwenyewe na kukuambia neno moja: njoo. Akasema wewe ulimwahidi miaka miwili tu ya kazi huko Magharibi, na yeye alikuahidi gari likungoje likiwa juu ya magurudumu yake, si juu ya vigingi vya chuma. Mama akatabasamu, jambo ambalo siku hizi halifanyi bila sababu. Mimi niliinama juu ya supu yangu.

Basi ikaanza kazi ya kuchagua saizi. Unakumbuka ulivyonifundisha, tumelala chali chini ya gari: namba ya kwanza ni upana wa tairi, ya pili ni kimo cha ubavu kwa kulinganisha na huo upana, ya mwisho ni rimu. Baba anataka ileile ya kiwandani, 195 kwa 70, rimu ya 14, kwa sababu imeandikwa hivyo kwenye kitabu cha gari, na kwake kitabu ni kitabu. Mzee Livain wa jirani anataka nyingine. Huyo unamjua, hana gari la kumsumbua siku hizi, kwa hiyo anasumbua la wenzake. Kila jioni anaingia gerejini bila kubisha, anaketi juu ya ndoo, anamwambia Baba, "Alyre, we bwana, gari la mbio unalivisha viatu vya mtawa? Weka mapana! Weka 225, watu wa kule kwenye mkutano wa magari wakuheshimu!" Baba anamjibu kwamba heshima haiuzwi dukani pamoja na mpira. Livain anacheka mpaka anakohoa, anasema basi liache hapo juu ya vigingi, miguu inaning'inia, kama ng'ombe anayemsubiri daktari.

Mimi nilipewa kazi mbili. Ya kwanza hesabu. Ya pili simu, kwa sababu duka lenye tairi za magari ya zamani liko Moncton, mwenyewe ni Bibi Estabrooks, naye hajui Kifaransa, kama Baba asivyojua Kiingereza zaidi ya asante na majina ya vipuri. Baba alisema, "Mwanangu, shule yote hii ya lugha mbili ni ya nini kama si ya kununulia tairi?" Nikapiga. Jasho lilinitoka hadi kwenye vifundo vya miguu. Nilipokata simu nikamwambia Baba kwamba saizi ya kiwandani imekwisha, na hawajui italetwa lini.

Ndipo tukaanza kuzitafuta nyingine. Baba akapendekeza 205 kwa 70 kwenye rimu zilezile. Nikamwonyesha kwenye karatasi kwamba tairi ile ni ndefu zaidi, kwa hiyo mshale wa mwendo ukisema mia, gari linakwenda mia na mbili, na yeye hapendi kudanganywa na mshale. Akaikubali hoja. Livain akaja na zile 225 zake. Nikatoa tepu, nikapima nafasi iliyobaki, nikaonyesha kwamba usukani ukikatwa sana tairi itasugua madigadi. Livain akaniita wakili. Nikasema ingefaa 205 kwa 60 kwenye rimu za 15, kimo chake kinakaribiana kabisa na cha zamani, ila rimu za 15 hatuna. Baba akasema basi tungoje za kiwandani. Kila Jumamosi alinitazama, nami nikapiga simu, nikazungumza na Bibi Estabrooks kuhusu mvua ya Moncton, nikakata, nikatikisa kichwa.

Sasa nimelifikia. Hesabu zangu zote zilikuwa za kweli, Rhéal. Uongo ulikuwa mmoja tu: tairi za kiwandani zilikuwepo. Zilikuwepo tangu ile simu ya kwanza. Yule mama alikuwa tayari kuzituma kwa basi la siku iliyofuata.

Unajua kwa nini. Ni ile simu yako ya Februari, uliponiambia mimi peke yangu kwamba hurudi tena. Kwamba wewe na Tamsin mmenunua nyumba, na mtoto anatarajiwa Agosti, na kwamba nisiseme, utamwambia Baba mwenyewe ukipata maneno. Mimi nikangoja uyapate. Nilijua tairi zikifika, Baba atanyanyua simu aseme "njoo", nawe utalazimika kumjibu papo hapo, akiwa amesimama jikoni na mikono yake ina grisi. Nikaona heri tairi zisifike. Nikawa nanunua muda kwa Kiingereza, na kwa Kifaransa naukabidhi nyumbani. Kukaa katikati ya watu wawili wasioelewana ni kazi inayochosha kuliko kiwanda cha kaa, nakuapia.

Jumamosi hii mvua ilinyesha usiku kucha, na asubuhi barabara ilikuwa safi kabisa, hakuna ule weupe wa chumvi pembeni. Nilimkuta Baba amekaa ndani ya gari, mikono kwenye usukani, gari likiwa juu ya vigingi. Hakuwa anafanya chochote. Akaniambia kwa sauti ya mtu aliyechoka kuomba, "Piga mara moja tena, mwanangu. Wakisema hapana, siulizi tena." Akashuka, akaja kusimama karibu yangu. Nikapiga. Bibi Estabrooks akasema, kama kawaida yake, kwamba zipo, mpenzi, zimekungoja sana. Nikamgeukia Baba, nikafungua mdomo niseme kile cha kila wiki, kikakataa kutoka. Nikamwambia, "Zipo. Zilikuwepo siku zote." Halafu nikamwambia na yale mengine, yote, simu ikiwa bado hewani na yule mama wa Moncton akiuliza kama nimepotea.

Nisamehe. Maneno yalikuwa yako, nikayasema mimi.

Hakunipigia kelele. Alichukua kitambaa, akafuta nati za magurudumu, moja baada ya nyingine, ambazo zilikuwa safi tayari. Kisha akasema nimuulize yule mama tairi zipi zinafaa kwa mtu anayekwenda mbali. Nikamuuliza. Akajibu kwamba za kiwandani anazouza yeye ni za magari ya kwenda kanisani na kurudi. Kwa safari ya kweli, na mvua na mzigo, angechukua 205 kwa 60, rimu ya 15. Nikatafsiri, safari hii bila kupunguza neno. Baba akaenda uani, akamwita Livain kwa sauti, akamwuliza kama zile rimu za gari lake lililoliwa na kutu bado ziko bandani. Livain akaja akizibingirisha mwenyewe. Zilikuwa za 15, na matundu yake manne yakalingana. Alikuwa nazo muda wote, mzee yule, ila alikuwa akingoja tukubali zile 225.

Mama alipoambiwa alilia, akanawa uso, akauliza kama Tamsin anakula samaki.

Baba anasema gari ni lako na ahadi ni ahadi. Kama mwenyewe haji kulichukua, litapelekwa. Tunaondoka shule zikifungwa. Ataendesha yeye, mimi nitaagiza chakula na kuuliza njia huko kote wasikojua Kifaransa, na nimeanza kujizoeza mbele ya kioo. Tutarudi kwa ndege. Hajasema amekasirika, wala hajasema hajakasirika. Jana alinunua ramani ya karatasi.

Kwa hiyo sikuandikii kukuuliza utakuja lini. Nakuandikia utafute gereji yenye mlango unaofungika, maana nasikia na huko kwenu wanamwaga chumvi.

Msalimie Tamsin, ingawa hanijui. Mwambie mimi si msemaji sana, asidhani namchukia. Mama anakusalimu, Livain anakusalimu na anadai bado kwamba 225 zingependeza. Baba hajatuma salamu. Anasema atazileta mwenyewe.

Mdogo wako akupendaye,
Maëlie