Makinda Watano na Pete za Kubahatisha

Mpendwa dada mshauri,

Nakuandikia nimekaa sakafuni jikoni, na sasa hivi tu binti yangu wa miaka mitatu amechukua pete ya bluu, zile ndogo za plastiki tunazowavisha ndege mguuni, akaichomeka kwenye ncha ya kalamu yangu, akasema, "Mama, na kalamu ni ya kinyozi." Nimecheka mpaka machozi, halafu kicheko kikaisha na machozi yakaendelea yenyewe, ndiyo nikajua siwezi tena kukaa na jambo hili peke yangu, naomba unisaidie.

Mimi nafuga chiriku. Tuko watu tisa kwenye kikundi chetu, hatuuzi, tunawapenda tu, na tunao chiriku wa aina moja wenye kifua chekundu ambao wamekuwa adimu kweli, kwetu sote wamebaki kumi na mmoja, na shida yao wanataga vizuri lakini kuatamia hawataki, wanaruka zao na kuacha mayai yapoe. Sasa mimi nina majike wawili wa chiriku wa kawaida, wale hata ukiwapa kokoto watazilalia, kwa hiyo wenzangu wananiletea mayai, majike wangu wanayaatamia na kulea makinda kama wao, nami nawavisha pete, bluu wale wa kutoka kwa mwenzetu kinyozi, kijani wale wa kutoka kwa mwenzetu fundi cherehani, ili tusije tukaoza ndugu kwa ndugu, maana tukifanya hivyo watazaliwa dhaifu na aina yenyewe itaishia mikononi mwetu.

Mwanzoni katibu wetu, mwalimu mstaafu, hakunitaka kwa kazi hii. Alisema mbele yangu, "Huyu binti shule aliiacha njiani, daftari la ndege atalijaza vipi?" Kinyozi, ambaye ni rika la baba yangu, akamjibu, "Mwalimu, umeshaona yai linaloatamiwa na daftari?" Watu wakacheka, na mayai nikapewa.

Basi dada, miezi minne iliyopita kinyozi aliniletea mayai manne, fundi matatu, nikampa kila jike ya kwake, na wiki ile ile mtoto akashikwa na homa, nikashinda naye zahanati, kurudi nikakuta jike mmoja ametoka kiotani amejikunyata kwenye kona ya tundu, kila nikimrudisha anatoka, na mayai yameanza kupoa, hapo sikuwaza pete wala daftari, nilimwona mwanangu alivyokuwa anatetemeka begani nikasema na hawa ni watoto, nikayachukua nikayaweka yote saba chini ya yule jike aliyebaki. Na walitoka watano, dada, wazima kabisa, midomo wazi kama wanakwaya. Lakini nani wa nani sijui, nimewatazama mpaka macho yameuma, wamefanana. Niliposikia mwalimu anakuja kukagua nikaogopa, nikawavisha watatu bluu na wawili kijani, kwa kubahatisha, na daftarini nikaandika hivyo hivyo.

Mwisho wa mwezi ujao wanataka kumwoza dume wa bluu kwa jike wa kijani. Kinyozi kila asubuhi ananipigia simu, "Mwanangu, maharusi wetu wameamkaje?" Mume wangu anasema, "Nyamaza, mke wangu, ndege hawana ukoo." Ila mimi nikiwaona wamekaa pamoja kwenye kijiti nawaza labda ni ndugu, na nikisema wataninyang'anya mayai, na hii ndiyo kazi ya kwanza maishani mwangu niliyoambiwa naiweza. Leo kinyozi anakuja kuwaona, na nimejipanga nimwambie, nimejifunza hadi maneno, nitamwamkia kwanza, kisha nitasema baba, wale maharusi, sina hakika kama... huyo amefika, ananiita mlangoni, anasema mwanangu njoo unipokee huu mfuko wa

*

Mdogo wangu,

Barua yako imekatikia mlangoni, na kwa kuwa umeituma hivyo hivyo bila kuimalizia, najua siku ile ulipokea mfuko, ukauliza habari za nyumbani, ukanyamaza. Usinifiche, barua za watu nimezisoma miaka mingi.

Kuchanganya mayai halikuwa kosa. Usingeyachanganya, pengine leo tungezungumzia ndege wawili, au hakuna. Kosa lako lilianza pale uliposhika pete ya bluu huku hujui, na limekua kila asubuhi ulipopokea ile simu. Mzee wa watu anauliza habari za maharusi kwa furaha, nawe unamjibu "wazima" kama hakuna kitu. Hilo halipendezi, na wewe mwenyewe limekuchosha.

Mumeo anakupenda, nimeona, lakini kwa mambo ya ukoo wa ndege mwache apumzike. Mimi nami ndege siwajui, kwa hiyo nimemwuliza jirani yangu anayefuga njiwa tangu ujana wake. Amesema hili hutokea, na dawa yake si ngumu. Ndege ambao wazazi wao hawajulikani huhesabiwa wote kuwa ndugu. Hao watano wasiozwe wao kwa wao hata mmoja, wala wasirudishwe kwa kinyozi au kwa fundi. Waende kwa wanachama wengine wenye ndege wa damu nyingine. Hakuna anayepotea. Halafu akaniuliza ni wangapi walitoka katika mayai saba chini ya jike mmoja. Nilipomwambia watano, aliweka chini bakuli la mtama, akasema, "Watano kati ya saba! Huyo mama anakaa wapi?"

Sasa sikiliza. Leo hii vua pete zote tano, wavishe rangi nyingine ambayo kikundi hakiitumii. Daftarini usifute kitu, kata ulichoandika kwa mstari mmoja, chini yake uandike "wazazi hawajulikani" na jina lako. Mwalimu atakunja uso. Mwache aukunje, kisha umpe kalamu aandike tarehe. Lakini kabla ya mwalimu, kabla ya fundi, nenda kwa kinyozi, asubuhi, kabla hajapata mteja, umweleze yote kuanzia ile homa. Usimwambie kwa simu.

Atakasirika, ana haki. Mwache amalize. Usilie, na msamaha omba mara moja tu, sio kumi. Kisha mwulize mayai mengine atayaleta lini, ili umtayarishe yule jike aliyewaatamia wote.