Nusu Mzunguko wa Skrubu

Mpwa wangu,

Mjomba wako ni simba bado, ingawa ameumia mkono. Maabarani tunavuta nyuzi za metali. Unywele wako ukipasuliwa mara elfu, ndio unene wa uzi mmoja. Kadiri uzi unavyovutwa, ndivyo umeme unavyozidi kupita kwa tabu. Mimi ndiye mkaza skrubu inayouvuta.

Jana mkuu wa maabara akasema, "Fundi, ishia hapo."

"Bosi, mikono hii haijawahi kukata kitu."

Nikaongeza nusu mzunguko. Uzi tulioutengeneza kwa miezi sita ukakatika. Akanizaba kofi mbele ya wanafunzi. Nikampiga ngumi, taya likavunjika, meno matatu yakatapakaa mezani. La nne nililing'oa kwa kichwa.

Polisi wako mlangoni, wanasubiri nimalize kuandika. Mwambie mama yako nimesafiri kikazi. Wewe nakwambia kweli: mkuu aliniambia niache.

Mjomba wako