Neno "Alianguka"

4 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wewe na mdogo wangu hamjambo. Mimi sijambo, ingawa vumbi la nyuzi hapa kiwandani halituachi.

Wiki hii nilikwenda kliniki ya vijana. Usishtuke, siumwi. Yupo muuguzi bingwa, aliyesoma zaidi ya uuguzi wa kawaida. Kazi yake ni kutupima kabla hatujaugua. Amekuta presha yangu imepanda, akauliza baba alifariki kwa nini. Nikamjibu kwamba alianguka kazini, kwenye jengo.

Mwanao

11 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima, isipokuwa usingizi wangu uliouvuruga. Mtu asiyeumwa anafuata nini kliniki? Kama una mimba, sema. Mimi ni mama yako, si polisi. Na huyo muuguzi, marehemu wangu anamhusu nini? Leo anauliza alivyokufa, kesho atauliza alichoacha. Presha kwa msichana wa umri wako! Mashine yake ndiyo mbovu. Dawa yake usiimeze.

Mama yako

20 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Pole kwa usingizi. Mimba sina, hilo nalo alipima. Mashine si mbovu: alijipima mwenyewe mbele yangu, akawa sawa. Dawa hajanipa, kwa kuwa hataki kubahatisha. Ameniuliza, "Dada, baba alianguka kutoka juu, au alianguka tu?" Nimemwambia nitakuuliza wewe. Tangu utotoni namwona akilini akiteleza ngazini. Sivyo?

Mwanao

29 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Nimechelewa kwa sababu kila nikishika kalamu naiweka chini. Nani aliyekwambia habari za ngazi? Baba yako hakupanda popote. Alikuwa amesimama chini, akichanganya saruji na kumtania fundi mwenzake. Akashika kichwa, akaanguka. Baba yako mdogo naye alianguka hivyo hivyo, tena akiwa ameketi. Niliposema "alianguka", nilidhani tunaelewana.

Huyo muuguzi bado simwamini. Mtu anayejua kuuliza namna hiyo ana lake. Lakini mweleze yote, na akikupa dawa, uimeze palepale mbele yake. Mdogo wako anakuja Jumatatu, naye apimwe. Ila habari za wavulana asimuulize. Hizo nitamuuliza mwenyewe.

Mama yenu