Msomi Aliyekataa Kukaa Kitini

Mjukuu wangu Furaha,

Nakusalimu kutoka hapa Kibuli. Mama yako amepona kikohozi, na dada yako amejifungua mtoto asiyetaka kulala. Mimi pia sijatulia tangu nisome swali lako: akili ya msomi inachorwaje?

Nilipokuwa msichana, mgeni kutoka Bukavu, shule moja ya Mengo ilinipa kazi yangu ya kwanza: kumchora mkuu wao, mama mwalimu wa hesabu aliyekuwa akistaafu. Kamati ya shule ilitaka joho, miwani na vitabu nyuma yake. Nilivichora vyote, lakini uso ulikataa. Nilichora nikafuta, nikachora tena, maana mama yule hakukaa kitini. Kila mara aliinuka kuniuliza, "Mbona kivuli umekipaka buluu?"

Nikachoka. "Mama, tulia nikuchore msomi!"

Akacheka. "Mwanangu, nikitulia utachora joho tu."

Basi nikamchora akiinuka, joho likimteleza begani, midomo imefunguka kidogo. Picha ilipofunuliwa, mwenyekiti wa kamati akakunja uso. "Heshima yake iko wapi?" Ndipo jaji mmoja mwenye mvi, aliyewahi kufundishwa na mama yule, akaisogelea picha akavua kofia.

"Anataka kuniuliza swali," alisema polepole, "na sijajiandaa."

Picha ikatundikwa pale shuleni. Hadi leo nikipita Mengo huingia kuitazama, na hutoka nikitamani kuurekebisha ule mkono wake wa kushoto nilioukosea.

Mungu akupe macho makali.

Bibi yako, Jajja