Posa Iliyokataliwa Soga

Kibaha, Jumatano

Mdogo wangu Hamisa,

Nimefurahi kusikia mikorosho ya Kisarawe imechanua. Miaka arobaini nipo huku, bado naikumbuka harufu yake.

Posa ya mwanao Amiri imekataliwa. Nilipoifikisha Soga Jumapili, baba wa binti aliuliza kijana anafanya kazi gani. Nikasema anauza magauni dukani.

"Anashinda akiwafunga wanawake zipu? Mzee Khalfani, huyo anataka kuoa au kuolewa?"

Wote wakacheka. Mimi, mshenga wake, nikacheka nao.

Amiri, aliyenipeleka kwa pikipiki, alikuwa nje ya dirisha. Alinirudisha nyumbani. Tangu Jumapili hajaonekana dukani wala kwake, na simu yake haipatikani.

Akifika huko, usinitetee. Kicheko changu anakijua tangu utotoni.

Kaka yako,
Khalfani